Kizibao cha Ngozi ya Mbuzi

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Hapa Ifakara hatujambo, ila babu yako anakohoa.

Umeuliza kwa nini kizibao nilichokutumia huko kwenye baridi ya Njombe ni laini kama kitambaa. Ngozi ya mbuzi hupakwa mafuta, kisha hufikichwa mpaka ikauke. Ukiiacha mapema inakakamaa.

Nikiwa msichana, baba alivuka kwenda Lupiro, mto ukajaa, siku zikapita bila habari. Mama alikuwa akimtengenezea kizibao. Alifikicha ngozi, akaenda kuchungulia njia, akarudi kufikicha.

"Mama, imeshalainika," nilimwambia.

"Najua."

Baba aliporudi alisifu ule ulaini. Mama hakumweleza kitu.

Chako kimelainika kuliko kile. Barua zako zinachelewa sana, mama.

Bibi yako