Sauti ya Baba Imo Kwenye Kompyuta Isiyotaka Kufunguka

Shangazi Sabra, shikamoo. Mimi ni Dorkasi wa huku Soni milimani, nisaidie haraka maana nina siku tatu tu. Baba yangu, mzee Zabron, amefundisha kwaya ya usharika wetu miaka thelathini, mwaka jana akapata kiharusi, sasa anasikia na kuelewa kila kitu lakini neno halitoki, na sauti yake yote imebaki kwenye kompyuta yake ya mezani, mazoezi aliyokuwa akirekodi, anahesabu, anaimba, anawagombeza sauti ya tatu kwa Kishambaa mpaka wanacheka. Shangazi, ikifunguka nikampigia rekodi zake, baba anafumba macho, mimi mwili unanisisimka, nasema Mungu wangu, sauti ya mtu inakaaje ndani ya bati lile na mwenyewe yuko hapa kimya?

Lakini sasa haifunguki. Naiwasha nikiinjika maharage, maharage yanaiva yenyewe bado inazungusha kile kiduara, nikichoka nachomoa waya ukutani naanza upya, na si kwamba siitunzi, kwa baridi hii ya Julai nimeisogeza karibu na jiko la mkaa na kuifunika blanketi zito, hata ikiwa inawaka siifunui, ukungu usije ukaingia. Kaka yangu Alen amempata fundi, anasema Jumamosi afute kila kitu apige windo upya, ile programu ya kuiendesha, itakuwa nyepesi. Nikimuuliza, na sauti za baba je, anasema mambo mengine tuyaache yapite. Nifanyeje, Shangazi?

*Shangazi Sabra anajibu:*

Marahaba, Dorkasi. Nimeletewa humu kwenye safu yangu kesi za ndoa na za mashamba, lakini barua yako imenisimamisha kitini. Mzee anasikiliza sauti yake mwenyewe! Pole sana, mwanangu.

Sasa nikugombeze. Blanketi? Hiyo ni kompyuta, si kichanga! Ndani kuna feni ya kutoa joto, wewe umeiziba, tena ukailisha vumbi la mkaa. Joto likizidi, inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Na huko kuchomoa waya kunaweza kuharibu diski, na diski ndiyo iliyobeba sauti za baba yako. Ukome leo hii.

Iondoe jikoni, ivue blanketi, usiiwashe tena. Alen mwambie hakuna kufuta. Fundi atoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine nzima, anakili rekodi zote kwenye diski mbili za pembeni, zile za kuchomeka kwa waya, moja ikae kwako, nyingine kwa mzee wa kanisa. Uzisikilize kwa masikio yako kabla hajagusa kingine. Ndipo apulize vumbi na kuzima programu zinazojifungua zote kwa pamoja wakati wa kuwasha. Ikibaki nzito, afunge diski mpya ya kisasa, na ile ya zamani msiitupe. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

Ila kuna lililoniuma zaidi. Wewe unaandika barua, Alen anaamua, fundi amepanga Jumamosi. Mwenye sauti yuko hapo hapo, anaelewa kila kitu, na sijaona popote ulipomuuliza. Leo hii kaa mbele yake, mwamkie, mweleze yote, umuulize, "Baba, unataka tufanye nini?" Kisha nyamaza, umtazame usoni mpaka akujibu kwa namna yake.