Riwaya Niliyomtumia Baba Edrine

Nyakuron, Juba
9 Februari 2025

Baba Edrine,

Salamu nyingi. Hapo Busia mnaendeleaje? Kikohozi cha Edrine kimeisha? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika pamoja na maharagwe ya hoteli.

Nimempa Lubega wa lori kifurushi chako. Usicheke, ni riwaya ya mapenzi. Aliniazima Anisa, Mkenya mwenzetu mwenye duka karibu na hoteli yetu kule Amarat, na siku hizi riwaya zake nazisoma hata kwenye foleni ya maji. Hii si ya mabusu kila ukurasa. Ni ya mume na mke waliofiwa na mtoto, wakaacha kuongea. Nililia mpaka Akur wa jikoni akaninyang'anya kisu cha vitunguu.

Isome yote. Naomba hilo tu.

Mama Edrine

Busia
3 Machi 2025

Mama Edrine,

Salamu. Sisi wazima, Edrine amepona kabisa.

Nimefika ukurasa wa arobaini. Mwanamume gani huyo wa kujifungia bafuni alie? Mimi ni fundi wa pikipiki, hadithi hizi ni zenu wanawake. Kama una neno na mimi, liseme.

Baba Edrine

Nyakuron, Juba
20 Machi 2025

Baba Edrine,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima wa mwili.

Umesema niseme. Tulipomzika mwanetu Josline, siku ya tatu ulirudi gereji. Miezi minane hukulitaja jina lake hata mara moja. Nilikuja Juba kutafuta kazi, ndiyo, lakini pia niliikimbia ile nyumba yenye kimya. Yule mke kwenye riwaya hamlazimishi mumewe kulia. Anataka tu kujua kama anaomboleza peke yake.

Usipojibu, nitaelewa.

Mama Edrine

Busia
14 Juni 2025

Mama Edrine,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa kuchelewa. Tuko salama.

Riwaya nimeimaliza, nikairudia. Pale mume anapokaa sakafuni na kumwambia mkewe yote, nilifunga gereji nikaenda nyumbani mchana.

Siku ile hospitalini, ulipotoka kwenda kuchukua dawa, nilikuwa nimempakata. Aliniita, "Baba," kisha akanyamaza moja kwa moja. Sikukuambia. Niliogopa utauliza kwa nini hakukuita wewe.

Josline. Nimeliandika. Nililitamka pia, kwa sauti, nikidhani niko peke yangu. Edrine alikuwa mlangoni. Akasema, "Baba, kumbe unamkumbuka?" Tukakaa tukamwongelea hadi chai ikapoa.

Sikuambii urudi. Nauliza kama tunaweza kuja.

Baba Edrine

Nyakuron, Juba
27 Juni 2025

Baba Josline,

Hamjambo, wapenzi wangu? Mimi leo ni mzima kweli.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la viazi, na chakula cha wageni kikaungua. Mpishi mkuu alikuja na hasira, akaniona uso, akasema, "Maalesh," yaani pole, akaondoka.

Sina kinyongo kwamba alikuita wewe. Nilikuwa kwenye dirisha la dawa, na miezi yote hii nilidhani mwanangu aliondoka akitafuta mtu wa kumwita. Kumbe alikuwa naye.

Shule zikifungwa Agosti, njooni. Chumba ni kidogo, tutabanana. Nije kuwapokea siku gani?

Mama Josline