Vigingi vya Chekechea

Alhamisi, 10 Julai

Upepo leo umetupuliza mpaka sweta hazina maana. Vumbi kwenye meno. Nina jambo baya na jambo zuri. Naanza na baya.

Sir Lameck, mwalimu wa taaluma, alikuja darasani kutusomea kombi za kidato cha tano zitakazokuwepo hapa shuleni mwakani. PCB ipo. HGL ipo. HKL ipo. Nikasubiri. Akakunja karatasi. PGM — fizikia, jiografia, hesabu — hakuitaja. Joha, tunayekaa naye dawati moja, akanikanyaga mguu: uliza. Sikuuliza. Mbele za watu mdomo wangu ni duka siku ya Idi, umefungwa. Akauliza yeye. Sir akajibu kwamba PGM haijawahi kufunguliwa hapa, wasichana wanaikimbia, ila wakipatikana watano atatafuta mwalimu. Ijumaa ya tarehe 25 tutakusanyika ukumbini, kila mmoja asimame kombi yake ikiitwa. Wasipofika watano, basi. Wachague nyingine au wahame.

Kuhama! Niko hapa tangu nina meno ya maziwa, nilipoletwa kutoka kijijini kwetu Kolo na begi lililonizidi urefu.

Zuri: ni Alhamisi, siku ya kushuka. Kila Alhamisi baada ya chai wakubwa tunashuka kuwafundisha wadogo. Iko kwenye ratiba na tunapewa alama. Kidato cha sita wanashuka kwa cha pili, sisi wa nne tunashuka chekechea. Kule mdomo wangu unafunguka wenyewe. Leo Amina, mapengo mawili mbele, kaniuliza: "Dada Hawa, ukiongea na wakubwa unaumwaga?"

Kidogo, nikamwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Joha kaamuru: kila mtu atafute. Yeye ameshampata Ruthu, ambaye sababu yake ni moja, anachukia baiolojia. Tunapokea. Na mimi na Joha, sasa ni watatu.

Mimi nilimfuata Erica bombani. Erica ni kiranja wa bweni letu na sauti yake inafika mpaka Nzuguni sokoni. Akija yeye hakuna wa kucheka PGM. Sentensi yangu nilikuwa nimeipanga tangu asubuhi. Ikatoka hivi:

"Erica, unapenda jiografia?"

"Nani anapenda jiografia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wa... duniani."

Akacheka, si kwa ubaya. Mimi nikabeba ndoo mpaka bwenini. Haikuwa ndoo yangu.

Kwa nini siwezi kusema tu? Kwamba kidato cha pili, walipokuwa wanapima viwanja nje ya uzio, kulikuwa na mama mmoja, kofia kubwa ya jua, na kifaa chake cha miguu mitatu. Aliniona nimeng'ang'ania waya, akaniita nichungulie. Niliona kona ya bweni letu iko karibu kama kucha yangu. Akasema, hapo unapoona ukuta mimi naona namba. Sijapona mpaka leo. Baba nikamwambia likizo kwamba nataka kuwa mpimaji wa ardhi, akasema mpimaji mwanamke? Kisha akasema, basi anza na mpaka wetu na jirani Habibu, umetusumbua miaka. Hiyo kwa baba ni ndiyo.

Hapa naandika vizuri kabisa. Darasani ni Kiingereza mpaka kengele, kwenye daftari hili ni Kiswahili, na bado hakuna lugha ninayoiweza kwa mdomo.

Alhamisi, 17 Julai

Siku tamu.

Mada ya chekechea ilikuwa My School. Kitabu kinaonyesha shule yenye theluji juu ya paa. Amina akauliza ile ni unga wa ugali? Nikafunga kitabu. Nikasema tunapima ya kwetu.

Mama Paulina wa jikoni alitupatia kuni nyembamba, matroni akatupatia kanga kuukuu, nyekundu, hakuna aliyeuliza za nini, tukaichana vipande. Kila mtoto kigingi chake na kitambaa chake. Kamba ni ya kuanikia nguo. Tukaanzia getini, tukanyoosha kupita uwanja wa netiboli. Tulipofika ukuta wa bweni letu tukauruka, tukaendelea upande wa pili mpaka jikoni. Amina alishikilia kwamba jiko ndiyo katikati ya shule, kwa sababu wote tunaenda huko. Kigingi cha mwisho tukakipiga hapo.

"My school has a kitchen," wakaimba njia nzima.

Kengele ya chakula ikalia, wakatawanyika kama kuku. Vigingi tumeviacha. Ramani tutachora Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 18 Julai

Siamini ninachoandika.

Alfajiri Mzee Meshack, mlinzi wetu, kazunguka na tochi yake kakuta vigingi vyenye kitambaa chekundu, mstari mmoja, kutoka getini kuelekea bwenini na kutokea upande wa pili. Mji huu kila mtu anajua kigingi chekundu maana yake nini: barabara inakuja. Unaamka, kipo, na hakuna mwenye ubavu wa kukigusa. Akamwambia wa maziwa. Wa maziwa akamwambia wa mikate. Mpaka tunakunywa chai, barabara ilikuwa ya njia nne na bweni linavunjwa.

Getini majirani wamejaa, wanauliza inapita kwa nani na nani. Mzazi mmoja kapiga simu kutoka mtaa wa Kikuyu, upande wa pili wa mji. Mwenyekiti wa mtaa kaja na bodaboda. Madam Mkuu kawaita walimu wote ofisini. Na Erica, Erica mwenyewe, kakaa kwenye ngazi analia: "Kitanda changu ndiyo katikati ya barabara."

Joha akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu. Kwenye mstari wa chekechea Amina ananyoosha kidole, "Kile changu! Kile changu!" na mwalimu wao anamwambia nyamaza, wakubwa wana matatizo.

Nilitamani mwingine aende. Mwingine hakuwepo.

Nikabisha hodi. Shikamooni. Walimu wote, mwenyekiti na kofia yake mapajani, Mzee Meshack kasimama mlangoni.

"Hawa, tuna kikao," Madam akasema.

"Madam, barabara ni mimi."

Nikasema tena, maana nimeanza na lazima nimalize. Ni mimi na chekechea. Ni ramani ya shule. Mwenyekiti akauliza mmepima kwa kifaa gani, nikasema kamba ya kuanikia. Akamgeukia Sir Lameck kama anayeomba tafsiri.

Ndipo Mzee Meshack akasema, "Lakini binti, kamba ni fupi. Mbona mstari umenyooka vile?"

Nikamweleza. Unapiga magoti nyuma ya kigingi cha kwanza, unafumba jicho moja, cha pili kikijificha nyuma yake na cha tatu nacho kikajificha, umenyooka. Kwenye ukuta tulisogea pembeni kwa kamba, tukapita, tukarudi kwa kamba ileile. Nikaonyesha kwa kalamu za Madam mezani. Nilikuwa nimeshazipanga zote ndipo nikagundua naongea, na watu wazima wananisikiliza.

Madam akavua miwani. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka hadi mabega.

Adhabu: niende na mwenyekiti nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani hakuna barabara. Na vigingi visiguswe mpaka ramani iishe.

Jumapili, 20 Julai

Jana tumezunguka mpaka jua linazama. Nyumba ya kwanza nilinong'ona, mwenyekiti ndiye aliyerudia. Ya mwisho mwenyekiti alikaa kwenye kigoda, akaniachia. Bibi mmoja alinisalimu kwa lugha ya kwao, mbukwenyi, akasikiliza yote, akasikitika. Alikuwa ameshaanza kuhesabu fidia. Akanipa karanga hivyohivyo.

Shuleni sasa jina langu ni Barabara.

"Barabara anapita, hameni vitanda!"

"Barabara, una lami au vumbi?"

Nikajibu vumbi, nasubiri bajeti. Bweni zima likacheka. Nimelijibu bweni!

Asnati kaja mwenyewe, anataka PGM, ndugu yake ni fundi ujenzi na anamringia. Wanne.

Kabla ya taa kuzimwa Erica akakaa kitandani kwangu. Hivi kitanda changu kingeondoka kweli? akauliza. Nusu yake, nikasema. Nusu ipi? Nikamchorea. Akaitazama michoro muda mrefu. Akasema baba yake anataka asome HGL, eti mdomo kama ule usipokuwa wa wakili ni hasara. Akaichukua michoro, akaenda nayo kitandani kwake.

Alhamisi, 24 Julai

Ramani imeisha, kwenye magunia ya sukari tuliyoshona pamoja. Jiko liko katikati na ni kubwa kuliko ukumbi. Mzee Meshack kaomba aonyeshwe kibanda chake. Kipo. Akasema mmeniwekea na dirisha, asanteni.

Erica ana kikundi chake cha chekechea, lakini alikileta kwetu. Kashika ncha ya kamba kipindi kizima. Amina alikuwa anamkaripia, "Vuta dada, imelegea!" naye anavuta. Hakuna mtu aliyesema kombi. Nilitaka kuuliza. Safari hii si mdomo uliokataa, nilikataa mwenyewe. Asimame kwa miguu yake.

Ijumaa, 25 Julai

Naandikia ukumbini, daftari gotini. Ramani imetundikwa jukwaani nyuma ya Madam Mkuu. Sir Lameck anaita. PCB wamesimama, wengi, wamepigiwa makofi, wamekaa. HKL hivyohivyo.

Ameita HGL. Sijageuka. Joha kageuka, anasema waliosimama nyuma yetu wanamziba, haoni kama Erica amesimama au la. Makofi. Wamekaa.

"PGM, kama wapo."

Nimesimama. Wa kwanza! Joha mbele yangu, Ruthu, Asnati. Sir anahesabu kwa kidole, polepole, amefika wanne, kidole kimebaki hewani. Anasema tusikae kwanza. Kwa hiyo naandika nimesimama, daftari liko mgongoni kwa Joha.

Nyuma kabisa kiti kimekwaruza sakafu.

Sigeuki. Joha kageuza shingo. Ananong'ona, "Kiranja!" na mgongo wake umeanza kutikisika kwa kicheko na mwandiko wangu wote una