Jabali la Nyuma ya Nyumba

Mwanangu Joelle,

Mimi sijambo, kifua tu kinakwaruza kidogo, usihangaike. Mtufaha umechanua.

Jana jirani yetu Dwight alinionyesha picha yako kwenye simu yake kutoka ng'ambo ya ua. "Verna, bintiyo kageuka mjusi? Sisi tumefungiwa kama kuku kwa korona, yeye anaparamia majabali na kujitangaza!" Nikamwambia picha ni ya zamani. Nilidanganya, mwanangu. Koti lile jekundu ulilovaa pichani nilikutumia kwa posta mwezi uliopita.

Jina la mahali hukuliandika, najua, watu wa hapa wangekasirika kwamba umekuja huku wakati wa ugonjwa. Zahanati yetu ina vitanda vinne tu. Lakini jabali lile naliona kila siku nikiosha vyombo. Jumamosi, siku ya picha ile, ulikuwa unaning'inia kule juu, na mimi hapa chini nasugua sufuria, wala sikuinua kichwa.

Ifute hiyo picha, tafadhali, kabla hawajakutukana wote.

Najua hukupita kwa kuogopa kuniambukiza. Lakini ungepiga honi mara moja tu pale barabarani, mama. Ningetoka mlangoni nikuone, kisha uende zako.

Mimi mama yako, ambaye bado anaogopa usije ukaanguka,
Verna