Koili Moja Chini ya Kava Pana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Haidari Mwijage. Umri: miaka 54. Kabila: Mhaya. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi wa redio, spika na vyombo vya muziki vya umeme, kwa kujifundisha mwenyewe. Makazi: Kagondo, Manispaa ya Bukoba.

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi wilayani Muleba, tarehe 14/03/2024, na Koplo Judica. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Kwanza kabisa naomba iandikwe kwa mwandiko unaosomeka kwamba gitaa la umeme linalovuma si lazima liwe bovu. Habari hii nimeitangaza Bukoba kwa miaka mingi bila kupata msikilizaji. Leo Serikali imenipa nauli nije kuirudia.

Chini ya nyuzi za gitaa kuna pikapu, kipande chenye sumaku na koili, yaani waya uliosokotwa, ambacho hunasa sauti. Ipo ya koili moja, nyembamba, inayonasa pia mvumo wa umeme uliomo chumbani. Ipo pana ya koili mbili, ambamo koili moja inaua mvumo wa mwenzake. Hii ya pili hainyimi mtu usingizi.

Namfahamu Datius, mpiga gitaa wa kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri pale mjini. Gitaa lake lilikuwa na pikapu moja tu, pana, yenye kava la chuma. Mwaka jana waya wake ulikatika. Pana nyingine sikuwa nayo, nikamwekea ya koili moja iliyotoka kwenye gitaa bovu, nikairudishia kava lile lile. Nafasi iliyobaki chini ya kava niliijaza kipande cha mti wa mkahawa nilichochonga mwenyewe.

Tangu hapo gitaa likawa linavuma. Nikamwambia Datius dawa yake: ageuke pole pole mpaka mvumo ufifie, asimame hapo hapo. Kanisani kwao mahali hapo palimfanya aipe madhabahu mgongo. Wazee wa kanisa wakamwita, wakamwuliza anamnunia nani. Akawajibu, "Wazee wangu, natafuta kimya." Wakaona anawafanyia mzaha, wakamsimamisha kwaya.

Kwa kuwa hakuwa na kwaya, alikubali kwenda kupiga kwenye harusi Kagoma, wilaya hii ya Muleba. Mnamo tarehe 24/02/2024 alishuka kwenye basi pale Kagoma na gitaa begani. Harusini hakufika.

Leo asubuhi niliitwa hapa kulitambua gitaa lililokutwa nyumbani kwa Josia, mnunuzi wa maharage wa huko huko Kagoma. Nilimkuta Josia mwenyewe, na Mama Jovitha, mzazi wa Datius, amekaa kwenye benchi. Mama alinishika mkono akasema, "Waitu, ndugu yangu, likiwa la mwanangu, huyu anajua alipo. Lisipokuwa lake, mimi sina pa kuanzia."

Gitaa lilikuwa limepakwa rangi upya, nyeusi. Josia alisema ni lake toka zamani, yeye naye ni mpigaji. Akaniambia, "Mzee, wewe nenda kafufue redio za watu."

Koplo akamwuliza pikapu yake ni ya aina gani.

"Hiyo pana, afande. Ya koili mbili. Hata kipofu akipapasa anajua."

"Inavuma?"

"Ya koili mbili itavumaje? Huyu kweli ni fundi?"

Lilikuwa jibu zuri. Hata mimi ningejibu hivyo kwa gitaa lolote lenye sura ile, isipokuwa hilo.

Nikalichomeka kwenye spika niliyokuja nayo. Likavuma. Nikagonga kava kwa ncha ya bisibisi. Upande mmoja sumaku ikaivuta na spika ikagutuka. Upande wa pili, kimya, kama kugonga meza. Koplo akaniruhusu nifungue. Chini ya kava kulikuwa na koili moja na kile kipande cha mkahawa, na alama za kisu changu juu yake.

Josia akasema basi, aliuziwa mnadani, na aliyemwuzia hamjui. Kisha akaomba maji.

Nililifunga, nikalishika na kugeuka nalo mpaka mvumo ukafifia. Mama Jovitha akasema, "Ndivyo anavyosimama." Baadaye akasema, "Geuka tena, baba. Liache livume kidogo."

Tukaliacha livume mpaka umeme ulipokatika.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyagusa kwa mkono wangu. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi.

(Sahihi) H. Mwijage

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi anajua kusoma na kuandika. Gitaa limetambuliwa bila shaka na kuhifadhiwa kama kielelezo. Mtuhumiwa yuko mahabusu. Datius hajapatikana.

(Sahihi) Koplo Judica