Njia Niliyowaonyesha Wenye Lori

Baba,

Nimetoka kanisani, nikapita kaburini kwako nikang'oa magugu, na sasa niko mezani hapa Timau, Mama anasinzia kitini. Tuko salama. Magoti yake bado yanamsumbua. Mjukuu wako, yule tuliyempa jina lako, ameanza kutembea na hataki kushikwa mkono. Nikimkemea naona haya, naona kama nakukemea wewe.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Baba, nimekosa.

Ulipotuacha, walikuja watu kutafuta mafuta ya petroli ndani ya hifadhi uliyoilinda, palepale uliponifundisha kunyamaza. Kampuni ilitaka mtu anayeijua ardhi. Wakasikia kuna binti wa yule askari wa wanyama aliyejua kila korongo, wakanipa kazi, nikaichukua. Usininunie. Mama mwenyewe alisema, "Baba yako amelinda ndovu maisha yake yote, na amekufa tukiwa bado tunachota maji mtoni."

Malori yao ya kupimia mafuta chini ya ardhi yalikwama siku tatu chini ya ule ukingo wa mawe. Mimi na mdomo wangu huu, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Ndovu hapandi kwa hasira. Anatafuta mahali mlima unapomkubali." Nikawapeleka kwenye njia ya ndovu, ile wanayopandia kutoka tambarare kuja msituni. Malori yakapanda bila shida. Walinipigia makofi, Baba, nami nikajivuna, nikawaambia ati hiyo ni njia ya baba yangu.

Wakaipanua. Mashine zao zikatetemesha ardhi wiki nzima. Kiangazi kilipofika na ndovu wakaja, nilikuwa pale. Yule jike mzee mwenye sikio lililochanika, unamjua, alinusa chini muda mrefu sana. Kisha akawageuza wenzake wote, wakashuka upande wa mashamba. Viazi vya Mama Wairimu, jirani yetu, havikubaki hata shina moja. Nilimkuta amekaa kwenye tuta, jembe mapajani.

Sasa kila mtu hapa anasema ndovu wameharibika tabia, afadhali visima vya mafuta vije haraka, vijana wapate kazi. Na ripoti ya kampuni inasema wanyama waliiacha njia wenyewe kwa sababu ya ukame. Alhamisi kuna baraza kwa chifu. Mimi ndiye niliyepangiwa kuwasomea watu ripoti hiyo kwa Kikuyu, kwa kuwa wananiamini. Wananiamini kwa ajili yako.

Unakumbuka ile siku ya kwanza uliponichukua porini? Uliniambia nishike mavi ya ndovu nikuambie alipita saa ngapi. Nililia, nilikuwa na gauni la kanisani. Ulicheka mpaka ukaketi chini, halafu ukaunyosha mkono wako ukaanza wewe. Nami nikashika, nikasema ni ya moto. Ukasema basi yuko karibu, tusimsumbue, tukarudi nyumbani. Nilidhani unaniokoa na ndovu. Kumbe ulikuwa unamwokoa yeye na sisi.

Nimekukosa sana, wee Baba. Ningekuuliza, ungekuna ndevu kwanza, na kufikia hapo ningekuwa nimeshajua jibu.

Nimemweleza Mama yote asubuhi hii. Nilingoja aniambie kazi haipatikani hivi hivi, na ni kweli, haipatikani. Alikunywa chai yake yote. Mwishowe akasema, "Siku hiyo uvae sweta. Kwa chifu kuna baridi."

Basi nitavaa. Ripoti yao sitaisoma. Sitawaambia watu wakatae mafuta wala wayakubali, hilo waamue wenyewe, wana watoto wa kulisha kama mimi. Ila waamue wakijua kwamba ndovu hawakuiacha njia yao kwa ukame, na kwamba malori yalipelekwa kwenye ile njia na mtu wa hapa hapa. Nitalitaja jina langu kwanza. Lako nitaliacha lipumzike.

Lala vizuri, Baba yangu. Nakuahidi hivi: kabla sijasimama mbele ya chifu na wakubwa wa kampuni, nitapita kwa Mama Wairimu, nimwambie uso kwa uso kwamba ni mimi.

Binti yako.