Maji Niliyoyaondoa

Nshambya, Bukoba
14 Aprili

Kaka Mwijage,

Shikamoo. "Aliyemtuma mtoto majini hatalala jirani na mtoto huyo." Ndivyo ulivyosema Jumapili mbele ya ukoo, ukimnyima Shangazi Ephrasia kaburi katika kibanja chetu cha Buganguzi. Umekosea, Kaka, na safari hii sikubishii kwa mazoea. Nina ushahidi.

Kwanza, habari za huko? Natumaini goti la Shemeji Dativa limepona na kahawa inaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Nimechukua likizo kumuuguza Shangazi, ambaye sasa hali tena hata ndizi zetu za ebitoke, ni uji tu. Kila akiamka ananiuliza kama umekubali.

Unaijua kazi yangu, ile unayoiita michezo ya kompyuta. Tunaunda protini kwenye kompyuta, atomu kwa atomu, tuone inavyojikunja. Mwilini protini huzungukwa na maji, na kuyahesabu yote kunachosha mashine. Njia yangu huyaondoa maji na kuweka namba mahali pake: jinsi yanavyodhoofisha mvutano wa chaji, na ukubwa wa kuipa kila atomu. Kwenye skrini protini huyumba kama iliyo majini, na maji hayapo.

Miaka ishirini nimeitetea njia hiyo. Mwenzangu Mutalemwa aliposema kuna maji ambayo namba zangu haziyaoni, nilimwita muuza madumu ya maji mbele ya mkutano mzima. Watu walicheka sana.

Mwezi uliopita aliniita, akasema mzee, leo kaa utazame. Alikuwa ameitia protini ileile ndani ya maji kamili, maelfu ya molekuli. Namba zangu zilidai inafunguka. Kumbe majini ilibaki imefumba, imeshikwa na molekuli moja tu ya maji iliyojificha katikati yake. Nilifungua mdomo nibishe. Ndipo mnyororo mmoja wa protini ile ukainuka taratibu, kama mkono, ukazama. Nilitoka nje nikatapika. Mutalemwa akasema ni malaria, nikapime.

Tangu siku hiyo kila glasi ya maji ina mdogo wetu Joviana ndani yake, miaka tisa, gauni la njano.

Kaka, njia yangu ina ubora wake, na nitaitetea popote. Lakini sikuichagua kwa ubora. Niliichagua kwa sababu sikuweza kutazama kitu kikigeuka majini.

Shangazi hakumtuma Joviana kisimani. Alinituma mimi. Nilikuwa nasoma kitabu, nimebakiza kurasa nne. Nikampa Joviana ndoo, nikamwambia akikawia nitamchapa. Mvua ilikuwa imejaza bonde. Baba alipouliza nani kamtuma mtoto, Shangazi alinitazama, mimi wa miaka kumi na miwili, kisha akasema ni yeye. Akafukuzwa jioni ileile. Mimi nikafungua kitabu, nikamaliza zile kurasa nne.

Na Jumapili, mimi ninayebishana na kila mtu, nilikaa kwenye kiti changu nikanyamaza tena.

Nisalimie wote, hasa dada yetu Evodia. Wewe na yeye, na kila aliyekuwapo Jumapili, nawadai hivi: isomeni barua hii kwa sauti, palepale mlipomhukumu. Kisha njoo Nshambya umwambie Shangazi mwenyewe kwamba umekubali, angali anasikia. Na ile nafasi ya kaburi uliyonitengea mimi kando ya Joviana, mpe yeye.

Mdogo wako,
Rutaihwa